Mwamba Uliobeba Mombasa: Dhana Potofu na Ukweli wa Kijiolojia

Kwa wengi wetu hapa Mombasa, jiolojia ni elimu ya kutafuta madini, na kwa kuwa kisiwani hakuna dhahabu, elimu hiyo huonekana kana kwamba haituhusu. Ukweli ni kwamba nyumba zetu zimesimama juu ya kumbukumbu ya bahari ya kale, na anayeisoma vizuri hujua hatari ipi aihofu na ipi isimkoseshe usingizi. Inanisikitisha kuona jinsi tunavyohofia yaliyo mbali huku tukidharau yaliyo chini ya miguu yetu.

Wapo wanaoamini kwamba makombe na matumbawe yaliyomo ndani ya mawe, hata mahali palipo juu kabisa ya maji yanapojaa, yaliletwa na gharika ya Nabii Nuhu. Sina nia ya kujadili imani ya mtu. Nazungumzia ushahidi wa jiwe. Maji yakipwa, teremka hadi chini ya majabali ya Mama Ngina, utazame kwa makini. Utaona matumbawe ya duara yenye mikunjo kama ya ubongo, na mengi yamesimama vilevile yalivyoota, kitako chini na mgongo juu. Kitu kilichosombwa na mafuriko hulala ovyo, kimepinduka na kuvunjika. Haya yaliishi papo hapo, chini ya bahari iliyokuwa juu kuliko ya leo. Umri wake pia haukisiwi tu, kwa sababu tumbawe linapokua hunasa urani kidogo kutoka majini, na urani hiyo hugeuka kuwa elementi nyingine, thoriamu, kwa mwendo unaojulikana, hivyo kiasi cha thoriamu hueleza umri wa tumbawe. Miamba ya aina hii ilijengwa katika vipindi vya joto vilivyopishana na zama za barafu, na kipindi kinachofahamika zaidi ni cha miaka kama 125,000 iliyopita, ambapo bahari duniani ilikuwa juu ya kiwango cha sasa kwa mita 6 hadi 9. Wareno walipoanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, handaki lake walilichonga ndani ya mwamba wa namna hiyo.

Bahari hiyohiyo ilikuja kushuka. Miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi yalipokuwa yameganda kuwa barafu katika nchi za kaskazini na kusini ya mbali, uso wa bahari ulikuwa chini kwa takribani mita 120. Mito iliyotoka bara ilikata mabonde yenye kina ili kuufuata ufuo uliokuwa umerudi nyuma, na barafu ilipoyeyuka mabonde hayo yakazama. Hori ya Tudor na maji ya Kilindini ambamo meli kubwa huingia leo ni mabonde ya mito yaliyomezwa na bahari.

Dhana nyingine ilivuma sana mwezi Machi 2018, ufa mkubwa ulipokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok karibu na Suswa, watu wakasambaziana picha wakidai kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Ni kweli kwamba Bonde la Ufa linapanuka, ila ni kwa milimita chache kwa mwaka. Kilichofunguka ghafla pale Suswa, kama wanajiolojia wengi walivyoeleza, ni udongo mwepesi wa majivu ya volkano uliochukuliwa na mvua kubwa. Anayetaka kujua mgawanyiko halisi huchukua muda gani na aitazame bahari yetu: Madagaska ilikuwa imeshikana na upande huu wa Afrika, na ilianza kujitenga miaka kama milioni 160 iliyopita.

Mpasuko huo wa kale unatosha kuwajibu wanaosema kwamba matetemeko ni ya watu wa bara. Tetemeko kubwa zaidi lililopimwa Kenya, la Subukia mnamo Januari 1928, lilitokea kweli ndani ya Bonde la Ufa. Hata hivyo, chini ya bahari ya Afrika Mashariki kuna nyufa pia, na baadhi yake bado zinasogea. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, na wakazi wengi wa Mombasa walilihisi.

Hatari ninayoona inadharauliwa zaidi ni tsunami. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyozaliwa na tetemeko la Sumatra yalivuka bahari kwa muda wa saa tisa hivi hadi kwetu. Somalia ilipoteza watu wapatao 300, Kenya mtu mmoja, na tangu hapo husemwa kwamba pwani yetu inalindwa na miamba ya matumbawe iliyo mbele yake. Miamba hiyo huvunja mawimbi ya upepo kila siku, na tunapaswa kuitunza kwa ajili hiyo. Lakini katika tsunami hujongea bahari yote kuanzia sakafuni, na mlango wa hori hauna mwamba wa kuizuia. Siku ile tulisalimika kwa sababu nyingine. Polisi walipata muda wa kuwaondoa watu ufuoni, na maji yalikuwa bado hayajajaa. Mwezi ulikuwa mpevu, wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Mawimbi yaleyale yangefika jioni, maji yakiwa juu, habari ingekuwa nyingine.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Huko Pangani, kama kilomita 150 kusini mwetu, watafiti walichimba wakakuta tabaka la mchanga wa baharini lenye mifupa ya watu wa kijiji cha miaka kama 1,000 iliyopita, nao wakalitambua kuwa ni alama ya tsunami. Hakuna mzee awezaye kukumbuka tukio la umri huo, ila udongo umeliweka. Kwa hiyo ukiwa ufuoni na ardhi ikatikisika kwa muda mrefu, au bahari ikarudi nyuma isivyo kawaida, panda juu mara moja na usishuke baada ya wimbi la kwanza, maana linalofuata huweza kuwa kubwa zaidi. Ujumbe wa simu unaotaja siku na saa ya tetemeko lijalo upuuze, kwani hakuna mwanasayansi aliyewahi kulitabiri tetemeko kubwa kwa namna hiyo.

Imebaki dhana ya maji ya kisima, kwamba yakipita mwambani huwa yamechujwa. Mchanga huchuja, jiwe la matumbawe huyeyushwa na mvua kidogo kidogo hadi likawa na mapango na vijia ambamo uchafu wa choo cha shimo hupita upesi hadi kisimani. Maji meupe yasiyo na harufu huweza kubeba kipindupindu, kwa hiyo yachemshwe au yatiwe klorini kabla ya kunywewa. Chumvi yake haitaondoka kwa njia hizo: chini ya kisiwa maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, na pampu zikivuta kupita kiasi, bahari hupanda na kuingia kisimani.