Windows 11: soma namba ya prosesa kabla hujapandisha

Tangu Microsoft isitishe huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wengi wananiuliza kama wapandishe Windows 11 au wabaki walipo. Kompyuta yako haikuzimika siku ile, wala haitazimika. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya kila mwezi: tundu jipya likigunduliwa halizibwi, na wezi wa mtandaoni wanalijua hilo. Kama unaingia benki au unatunza taarifa za wateja humo, usilichukulie kirahisi.

Kujua kama mashine inafaa kwa Windows 11, mimi huanza na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha soma mstari wa Processor. HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa kwenye maduka ya mtumba, mara nyingi utaikuta na i5-6300U. Ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi chake. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, mfano i5-8250U, ukiondoa chache sana za kizazi cha saba. Kwa hiyo muuzaji akikwambia tu "hii ni Core i5", hajakwambia kitu. Mwombe namba nzima. Kwa prosesa za AMD namba zinachanganya zaidi, tumia programu ya PC Health Check ya Microsoft wenyewe.

Kuna wanaoambiwa mashine haifai kwa kukosa TPM 2.0 (sehemu ya kutunza funguo za usalama, ambayo Windows 11 inaidai), kumbe ipo ila imezimwa tu. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, tafuta PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD, iwashe.

Sasa RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Microsoft wanasema GB 4 zinatosha. Zinatosha kusakinisha. Kufanya kazi, yaani kufungua Excel na kurasa kadhaa za intaneti kwa pamoja, ni mateso, hasa kama bado unatumia diski ya kuzunguka. Mimi simpandishii mtu Windows 11 bila SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM ya GB 8, maana atarudi kesho analalamika, na atakuwa na haki.

Zipo njia za kulazimisha kwenye mashine isiyokidhi. Zinafanya kazi, lakini Microsoft hawajiwajibishi kuipa mashine hiyo masasisho, na masasisho ndiyo sababu ya kuhama. Kwa kompyuta ya ofisi sikubali. Afadhali ujiunge na mpango wa Microsoft wa viraka vya ziada uitwao ESU, unaoendelea kuipa Windows 10 toleo la 22H2 viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026, huku ukikusanya pesa ya mashine nyingine. Na kama kazi yako ni barua pepe na kivinjari tu, Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, itaifufua G3 yako vizuri sana.

Ukiamua kupandisha, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, hakikisha printa ya risiti ina draiva (programu ya kuiendesha) ya Windows 11, na uandae bando la kutosha kwani ni gigabaiti kadhaa. Ukishapanda una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, sehemu ya Recovery. Katika siku hizo usifute folda ya Windows.old hata kama diski imejaa, kwa sababu mfumo wako wa zamani umehifadhiwa humo.