Je, wajua? Kisu kizuri cha mfukoni hunaswa na sumaku

Jumapili moja niliingia soko la Kibuye, Kisumu, kutafuta kisu cha kukunja, mfukoni nikiwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Niliamini kwamba kisu kinachonaswa ni chuma cha kawaida, kitaliwa na kutu, na kisichonaswa ndicho stenlesi halisi. Nilipima visu vinane, nikanunua kile ambacho sumaku haikukishika hata kidogo. Kilikata kamba tatu za katani. Ya nne kiliisugua tu. Nilipoelekeza makali dirishani, niliona uzi mwembamba wa mwanga: ukingo ulikuwa umejikunja. Makali mazima hayang'ai, ni membamba mno kurudisha mwanga.

Imani ile ni kinyume cha ukweli, na bado inawatia watu hasara. Stenlesi si chuma kimoja. Jina hilo hupewa chuma chenye kromiamu kuanzia asilimia 10.5 hivi. Ile ya masinki mengi ina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8. Nikeli hiyo ndiyo inayoifanya isinaswe na sumaku, na ndiyo hiyo hiyo inayoizuia isikazwe kwa moto. Sinki halihitaji makali, kwa hiyo halipungukiwi kitu. Stenlesi ya visu, mathalani aina ziitwazo 420 au 3Cr13, haitegemei nikeli. Ina kaboni ya kutosha kukazwa, na sumaku huinasa barabara.

Kukazwa kwenyewe ni jambo la kupendeza. Chukua matatu ya Nakuru kwenda Kisumu: viti ni chembe za chuma, abiria waliozidi ni kaboni. Stenlesi ikipashwa moto hadi nyuzi 1,000 hivi, mpangilio wa chembe hubadilika, nafasi zikapatikana, kaboni ikajipenyeza. Ikipoa polepole, gari linasimama kila steji, waliozidi wanashuka, waliobaki wanajinyoosha watakavyo. Hicho ni chuma laini. Ikipozwa ghafla, mlango unafungwa kabla mtu hajashuka. Kila mmoja amebanwa, hakuna wa kusogeza hata goti. Ugumu wa chuma ni huko kubanwa: chembe haziwezi kupishana. Kisha hupashwa tena kidogo, nyuzi 200 hivi, msongamano upungue, la sivyo makali yatamomonyoka kama kigae.

Visu vingi vya bei nafuu huharibikia hapo. Namba iliyochapwa kwenye bapa inataja aina ya chuma, haisemi kilivyokazwa kwa moto, ndiyo maana visu viwili vya 3Cr13 vinaweza kutofautiana sana. Muombe muuzaji ruhusa upitishe tupa kwenye mgongo wa bapa, karibu na mpini. Tupa ikiteleza, kimekazwa. Ikichimba kwa urahisi, kiache. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, maana tupa nyingine zenyewe ni laini. Halafu kifungue, shika ncha, utikise kushoto na kulia. Bapa linalocheza kabla halijanunuliwa litacheza zaidi baadaye.

Kutu nayo isikutishe kupita kiasi. Kisu cha kukunja cha Opinel, cha Ufaransa, kinachotengenezwa tangu 1890, bado huuzwa pia na bapa la chuma cha kaboni, yaani kisicho stenlesi. Ukiliacha na maji ya ndimu usiku kucha litabadilika rangi. Ukilifuta na kulipaka tone la mafuta, linakaa miaka, na makali yake yanasifiwa.

Sumaku yangu bado naenda nayo Kibuye. Ukiacha visu vya titani na vya kauri, ambavyo ni nadra kwenye meza zile, kisiponaswa nakirudisha.