Jedwali la HTML kwenye ukurasa wa wavuti linapendeza machoni, lakini linasikikaje?

Mtu asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti haangalii jedwali zima kwa mkupuo kama wewe, yeye anasomewa kisanduku kimoja kimoja. Chukua ratiba ya treni. Anasikia "14:35", anashuka chini anasikia "15:10". Sasa hiyo ni saa ya kuondoka au ya kufika? Treni ipi? Hapo ndo shida inapoanzia.

Kwenye NVDA au JAWS, ambazo ni programu za kusoma skrini, ukibonyeza T unaruka mpaka jedwali linalofuata, halafu unashika Ctrl na Alt pamoja na mishale unatembea humo ndani, na kila ukihamia kolamu nyingine programu inakutajia kichwa cha hiyo kolamu pamoja na kilichomo. Tamu sana, ila inataka kichwa kiwe kimeandikwa kwa th, tagi ya HTML ya kisanduku cha kichwa. Wengi wanaweka td, tagi ya kisanduku cha kawaida, halafu wanakoleza herufi kwa CSS (msimbo wa mwonekano), machoni kinaonekana kichwa kabisa, kwa programu ni kisanduku kama vingine tu. Kuna programu zinajaribu kukisia, usizitegemee.

Kichwa cha juu ongezea scope="col", yaani kinahusu kolamu nzima. Cha pembeni, lile jina la treni pale mwanzo wa mstari, nacho ni th, kipe scope="row", yaani kinahusu mstari mzima. Hiki cha pembeni ndo watu wanakisahau kila siku, na bila hicho mtu akishuka kwenye kolamu ya "kufika" anasikia saa tupu hajui ni za treni gani. Halafu weka caption, tagi ya jina la jedwali, ije ya kwanza kabisa ndani ya table, ili mtu akiingia ajue jedwali linahusu nini.

Visanduku vilivyounganishwa kwa rowspan na colspan, mimi navikwepa. Ndiyo, unaweza kufunga kila kisanduku na vichwa vyake kwa sifa za headers na id, inafanya kazi, lakini subiri siku mtu aongeze kolamu moja katikati uone balaa lake. Gawa tu jedwali liwe mawili.

Kitu kingine ni simu. Mtu anataka jedwali lienee kwenye skrini ndogo anaweka CSS ya display: block kwenye table na tr (tagi ya mstari), baadhi ya brauza zinaacha kulihesabu kama jedwali na kazi yote ya th inapotea. Lifunge kwenye div (tagi ya boksi la kawaida) yenye overflow-x: auto ili liskroli kwa upande, iwe na tabindex="0" ili kibodi iifikie, role="region" ili itambulike kama sehemu ya ukurasa, na jina lake, ili hata mwenye kibodi peke yake aweze kuliskroli.

Kupima, NVDA ni ya bure, ipakue uzime skrini ujiulize treni ya pili inafika saa ngapi. Vile vifaa vya kukagua kurasa vyenyewe vitakwambia th ipo au haipo, kama umeiweka kwenye kisanduku sahihi havijui.