Alama ya IQ si kilo za akili

Dhana: IQ, yaani alama ya mtihani wa akili, ni kiasi cha akili kilichomo kichwani mwako.

Ukweli: Ni nafasi yako ukipangwa na watu wa rika lako. Watunga mtihani huwapima kwanza watu wengi, kisha wastani wao hupewa alama 100. Watu kama 68 katika kila 100 huangukia kati ya 85 na 115. Kipimo hiki hakina sifuri ya kuanzia kuhesabu, kwa hiyo mwenye 140 hana akili mara mbili ya mwenye 70. Zamani hesabu ilikuwa nyingine. Mwaka 1912 mwanasaikolojia William Stern aligawanya umri wa akili kwa umri halisi: mtoto wa miaka 8 anayejibu kama wa miaka 10 anapata 1.25, na baadaye watu wakazidisha kwa 100, ikawa 125. Mfanyie hesabu hiyo mzee wa miaka 60 uone kichekesho!

Dhana: Kipimo kilibuniwa kuwasaka wenye vipaji.

Ukweli: Kinyume chake. Watafiti Alfred Binet na Théodore Simon walikitoa Ufaransa mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada darasani.

Dhana: Tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo.

Ukweli: Hii nayo haifi. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Mwili usingelisha mlalaji kiasi hicho.

Dhana: Ukishapimwa, alama yako ni hiyohiyo maisha yote.

Ukweli: Hubadilika. Chukua swali moja la mtihani: mpimaji anasoma tarakimu moja kila sekunde: 7, 2, 9, 4. Wewe unazirudisha kinyumenyume: 4, 9, 2, 7. Rahisi. Zikifika sita, simu ikiita chumba cha pili tu, zote zimeyeyuka. Usiku wa kukesha au woga navyo vina sehemu yake. Ndiyo maana ripoti makini haitoi namba moja tu. Huandika, kwa mfano, kati ya 97 na 107.

Halafu kuna jambo lililomvutia mtafiti James Flynn: katika nchi nyingi, karne ya 20, matokeo yalipanda kwa takriban alama 3 kila miaka 10, hivyo wastani ukalazimika kupangwa upya mara kwa mara. Kwa kasi hiyo, aliyepata 100 mwaka 1950 angepata kama 85 mwaka 2000, kwa majibu yaleyale.