Hispania haikubadilika siku aliyokufa Franco, na mambo mengine niliyochoka kuyasahihisha

Nafundisha Kihispania. Wanafunzi wangu wengi ni waongoza watalii, maana wageni kutoka Hispania ni wengi Zanzibar na kwenye mbuga za kaskazini, na anayeijua lugha yao hakosi kazi msimu ukiwaka. Sarufi hainipi shida. Shida huanza tukifika kwenye fasihi na filamu, kwa sababu kila darasa lina mtu aliyesoma ukurasa mmoja mahali fulani na sasa anataka kunifundisha mimi: "Mwalimu, si yule dikteta Franco alikufa 1975, watu wakapata uhuru, Almodóvar akaanza kutengeneza filamu, ikawa basi?"

Haikuwa basi. Na kwa kuwa hadithi hiyo hatimaye huishia masikioni mwa mgeni wa watu, pengine mzee ambaye babake aliuawa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 na bado yumo kwenye shimo lisilo na alama kando ya barabara, naiandika hapa mara moja ili nisiirudie.

Dhana: Kabla ya 1975 ni giza, baada ya 1975 ni mwanga

Franco, jenerali aliyeshinda vita hivyo na kuitawala nchi kidikteta, alifariki tarehe 20 Novemba 1975. Hilo halina ubishi. Kila kinachofuata kwenye hadithi ile kina ubishi.

Kuna ushauri ninaoandika ubaoni siku ya kwanza, na wanafunzi hunicheka kwa jinsi ninavyoung'ang'ania: kazi ya sanaa ya Hispania ya karne ya 20 ina miaka miwili, mwaka ilipokamilika na mwaka umma wa Hispania uliporuhusiwa kuiona. Iandike yote miwili. Ukiandika mmoja, hujaelewa kitu.

Federico García Lorca alimaliza tamthilia yake ya Bernarda Alba mwezi Juni 1936. Mwezi Agosti mwaka huohuo alipigwa risasi na watu wa upande wa Franco karibu na Granada, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Tamthilia ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Buenos Aires, 1945. Jukwaa kubwa la Madrid liliipata 1964. Juan Marsé naye aliandika riwaya ya watoto wa mitaa maskini ya Barcelona baada ya vita, Si te dicen que caí. Ilitoka Mexico 1973, na nyumbani kwake ikaruhusiwa 1976. Hesabu mwenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Viridiana. Luis Buñuel alikuwa akiishi uhamishoni Mexico, akarudi kupiga filamu hiyo nchini mwake. Wakaguzi wa serikali walisoma mswada, wakaukataa mwisho wake: msichana aliyekuwa awe mtawa anabisha mlango wa chumba cha binamu yake usiku, anaingia, mlango unafungwa. Aibu hiyo, wakasema, ibadilishwe. Buñuel akabadilisha. Katika mwisho mpya, binamu na mtumishi wa kike tayari wamo chumbani, msichana anakaribishwa aketi wacheze karata watatu. Wakaguzi wakaridhika! Mtazamaji yeyote mwenye akili timamu anaona kuwa mwisho wa pili una utata kuliko wa kwanza. Filamu ikaenda kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, 1961 kuiwakilisha Hispania, ikachukua tuzo kuu, na mkurugenzi wa sinema wa serikali ya Franco akapanda jukwaani kwa fahari kuipokea. Kisha gazeti la Vatikani likailaani. Mkurugenzi akapoteza kazi, na filamu ikapigwa marufuku Hispania hadi 1977.

Kwa hiyo ndani ya lile "giza" watu walikuwa wakisema mengi, kwa kupenyeza. Miguel Delibes aliandika 1966 Cinco horas con Mario, ambamo mjane anakesha usiku kucha na maiti ya mumewe na kuisema. Anamlalamikia marehemu kwamba alikuwa na mawazo ya ajabu kuhusu maskini, na kwamba hakuwahi kumnunulia hata gari la Seat 600 wakati kila jirani analo. Delibes haitaji siasa kwa kidole. Anamwacha mama yule aongee tu, na kwa kuongea kwake tunaiona nchi nzima, wale walioshiba utulivu wa Franco na wale waliokuwa wakikosa pumzi humo. Wakaguzi waliisoma wakaipitisha.

Sasa upande wa pili, ule wa "mwanga". Hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Mwezi Desemba 1977, miaka miwili baada ya mazishi, na baada ya uchaguzi huru wa Juni mwaka huo, kiongozi wa kundi la maigizo la Els Joglars, Albert Boadella, alikamatwa. Kosa lake lilikuwa igizo la vinyago lililohusu mtu aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi na kunyongwa mwaka 1974. Jeshi likaona limetukanwa. Boadella akatoroka hospitalini alikokuwa chini ya ulinzi, wenzake wakapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kuhukumiwa kifungo. Waigizaji wa jukwaani, mahakama ya kijeshi, mwaka 1978. Huo ndio mwanga?

Haya, labda ilikuwa kabla ya Katiba. Katiba ilipigiwa kura tarehe 6 Desemba 1978. Mwaka uliofuata Pilar Miró akamaliza El crimen de Cuenca, filamu ya kisa cha kweli: mchungaji mmoja wa mkoa wa Cuenca alitoweka 1910, wanaume wawili wakateswa na askari wa Guardia Civil, polisi wenye mfumo wa kijeshi, mpaka wakakiri kumuua, wakafungwa miaka, kisha mwaka 1926 "marehemu" akajitokeza mzima wa afya. Miró hakuficha mateso. Kucha zinang'olewa mbele ya kamera, na mtazamaji anatamani kutoka ukumbini. Kisa ni cha enzi ya mababu, Franco alikuwa bado hajatawala hata kijiji. Lakini filamu ilizuiwa, jeshi likamfungulia Miró mashtaka, na ikabidi sheria ya mahakama za kijeshi ibadilishwe 1980 kabla ya kesi kufa. Watu waliiona Agosti 1981 na kujaza kumbi. Mwishoni mwa 1982 serikali mpya ya Felipe González ikamteua Pilar Miró huyohuyo kuwa mkurugenzi mkuu wa sinema. Andika miaka yote miwili, 1979 na 1981, na katikati yake weka tarehe 23 Februari 1981, siku luteni kanali Tejero wa Guardia Civil alipoingia bungeni na askari kujaribu mapinduzi na kufyatua risasi darini. Matundu yake yangalipo.

Guernica ya Picasso, picha ya mji uliopigwa mabomu katika vita hivyo, iliyochorwa 1937, ilisubiri New York kwa sababu mchoraji alikataa irudi nyumbani kabla ya uhuru kurudi. Ilifika Madrid Septemba 1981, ikawekwa nyuma ya kioo kisichopenya risasi. Mtu aliyeweka kioo kile hakuamini kwamba mambo yalikwisha 1975.

Na kwa wanawake kalenda ni nyingine kabisa. Hadi Mei 1975 mke alihitaji idhini ya mume kufanya kazi au kufungua akaunti benki. Sharti hilo liliondolewa Franco akiwa hai, jambo linalowachanganya sana wapenzi wa ile hadithi fupi. Uzinzi uliacha kuwa jinai 1978. Talaka ilirudi 1981. Usomapo El cuarto de atrás ya Carmen Martín Gaite, ya 1978, uwe na tarehe hizo mkononi. Mwanamke asiyepata usingizi anazungumza usiku na mgeni mwenye mavazi meusi kuhusu utoto wake wa wakati wa vita na malezi ya wasichana yaliyofuata, na hujui kama mgeni ni mtu au ndoto. Kitabu kinakumbuka kwa kusitasita, kwa sababu aliyekiandika alilelewa kunyamaza.

Dhana: Walisameheana wakasahau

Hii ni mdogo wake yule wa juu, na huja na sifa: "Hispania ni mfano kwa Afrika, walifunika kombe." Walifunika, kweli. Sheria ya msamaha ya Oktoba 1977 iliwatoa wafungwa wa kisiasa gerezani na papo hapo ikawakinga watesaji wao. Kufunika si kusahau. Ndiyo maana kuanzia mwanzo wa karne hii riwaya za vita vya 1936 hadi 1939 zilifurika: Soldados de Salamina ya Javier Cercas mwaka 2001, La voz dormida ya Dulce Chacón kuhusu wanawake wafungwa mwaka 2002, Los girasoles ciegos ya Alberto Méndez mwaka 2004. Méndez alitoa kitabu hicho kimoja tu, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 60, akafa mwaka uleule, na tuzo ya taifa ikamfuata kaburini. Hao wengi ni kizazi cha watoto na wajukuu, waliouliza kile wazazi wao walichokalia kimya.

Sheria ilifuata nyuma ya vitabu: ya kwanza ya kumbukumbu 2007, nyingine 2022. Mwili wa Franco uliondolewa kwenye kaburi lake la fahari tarehe 24 Oktoba 2019, ukabebwa kwa helikopta, televisheni zikionyesha moja kwa moja. Almodóvar, ambaye wengi humjua kwa rangi na vichekesho, alifunga filamu yake ya 2021, Madres paralelas, kwa kufukua kaburi la halaiki kijijini. Kwa hiyo mgeni akikwambia hataki kuzungumzia vita, nyamaza naye. Usimpongeze kwa kusahau.

Dhana: Wote wanapenda mchezo wa fahali

Visiwa vya Kanari vilipiga marufuku mchezo wa fahali 1991. Bunge la jimbo la Catalonia, ambako ndiko Barcelona, lilifanya hivyo 2010, na Mahakama ya Katiba ikatengua 2016. Mwaka 2024 wizara ya utamaduni ikafuta tuzo ya taifa ya mchezo huo. Kuna wanaoupenda kwa dhati na kuna wanaouchukia kwa dhati, mara nyingi kwenye meza moja ya chakula. Mwongoza watalii, tafadhali, usianzie hapo.

Dhana: Flamenko ni muziki wa Hispania nzima

Ni wa kusini, wa Andalusia, na bila Waroma (wale waitwao Wajipsi, si watu wa mji wa Roma) wasingekuwa nao. Serikali ya Franco iliupenda kwenye mabango ya utalii, na bango ndilo mnalolikariri. Mtu wa Galicia, kaskazini-magharibi, ana zumari lake la mfuko wa ngozi na atakushangaa.

Dhana: Lugha ni moja

Kikatalani, Kigalisia na Kibaski si lahaja. Kibaski hata hakina undugu na Kihispania. Zote tatu zilisukumwa nje ya shule na ofisi enzi za Franco, na kurudi kwake ni moja ya mageuzi makubwa ya utamaduni, ingawa watu husoma habari za Madrid peke yake. Obabakoak ya Bernardo Atxaga iliandikwa Kibaski 1988 na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya taifa ya riwaya. Filamu Alcarràs ya Carla Simón, ya Kikatalani, kuhusu wakulima wa mapichi wanaopokonywa shamba ili paneli za jua ziwekwe, ilishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, 2022. Karibu wote wanaoigiza humo si waigizaji wa kazi, ni watu wa eneo lilelile. Na mbunge amekubaliwa kutumia lugha hizo kwa kawaida katika bunge la Madrid tangu 2023 tu.

Dhana: Mwafrika hana chake humo

Hii hunikera kwa namna ya pekee kwa sababu husemwa na Waafrika. Guinea ya Ikweta ilikuwa chini ya Hispania hadi tarehe 12 Oktoba 1968, na Kihispania ni lugha yake rasmi mpaka sasa. Donato Ndongo, mzaliwa wa huko, alitoa 1987 riwaya Las tinieblas de tu memoria negra, ya mtoto anayevutwa na mapadri upande mmoja na wazee wa ukoo wake upande mwingine. Msomaji aliyepitia shule ya misheni popote Afrika Mashariki hatahitaji maelezo. Lucía Mbomío, mwandishi wa habari wa Madrid mwenye baba wa Guinea, aliandika Hija del camino, 2019, kuhusu msichana anayeulizwa kila siku anatoka wapi katika nchi aliyozaliwa.

Kisha yuko Najat El Hachmi, aliyezaliwa Nador, Morocco, akakulia Vic huko Catalonia. Riwaya yake ya Kikatalani ilishinda tuzo ya Ramon Llull 2008. Mwaka 2021 alichukua tuzo ya Nadal, ileile ambayo mshindi wake wa kwanza alikuwa Carmen Laforet, binti wa miaka 23, kwa riwaya ya njaa na ukimya wa Barcelona baada ya vita. Ya El Hachmi inahusu binti wa familia ya Kiislamu kutoka Morocco pembezoni mwa jiji hilohilo, anayepigania kuishi apendavyo. Mwanafunzi akiniomba "kitabu cha Kihispania halisi, Mwalimu", nampa hicho.