Mshtuko wa sumu ya streptokoka: maumivu yanapolizidi jeraha

Streptokoka wa kundi A ni bakteria tunaoishi nao. Ndio wanaowapa watoto homa na maumivu ya koo, na vidonda vya ngozi vyenye usaha na magamba. Mara nyingi mambo huishia hapo. Mara chache sana hupenya hadi kwenye damu au ndani ya misuli, na hapo unaweza kuzuka mshtuko wa sumu, ugonjwa unaomwangusha hata mtu mwenye afya yake ndani ya siku mbili.

Sumu wanazotoa huamsha chembe za kinga ya mwili kwa mkupuo, nyingi kupita mahitaji. Ni kama mwizi mmoja kupigiwa mayowe, kijiji kizima kikatoka na marungu na kuibomoa nyumba ya aliyeibiwa. Mishipa midogo ya damu huanza kuvuja, presha hushuka, na figo, ini na mapafu hukosa damu ya kutosha. Hata wakitibiwa, wagonjwa hufa hadi 3 kati ya 10. Jim Henson, Mmarekani aliyebuni vikaragosi vya Muppets, alifariki New York Mei 16, 1990 akiwa na miaka 53, hata saa 24 hazijatimia tangu afike hospitali.

Mwanzo wake ndio unaopoteza watu. Homa, baridi, mwili kuuma, kutapika: kwetu hiyo ni malaria, na kupima ni sawa kabisa. Lakini kipimo kikionyesha huna, usiridhike na panado kama kuna mahali panauma kupita kiasi. Mguu una mchubuko mdogo, ngozi ina wekundu kidogo au haina alama yoyote, ila mgonjwa hataki hata shuka iuguse. Dalili hiyo naihofia kuliko homa yenyewe. Kwa kawaida saa 24 hadi 48 baadaye presha hushuka: moyo unakwenda mbio, pumzi fupifupi, mkojo unapungua, maneno hayaeleweki. Huyo anakimbizwa hospitali usiku huohuo.

Huko atawekewa dripu na kuchomwa penisilini pamoja na klindamisini, ambayo huwazuia bakteria kutengeneza sumu. Nyama iliyokufa huondolewa kwa upasuaji.

Bakteria huingilia kwenye kidonda, jeraha la moto, mshono wa upasuaji, njia ya uzazi baada ya kujifungua, au vipele vya tetekuwanga. Wakati mwingine walikoingilia hakujulikani kabisa. Wazee na wenye kisukari wako hatarini zaidi.

Chanjo ya streptokoka hawa bado haipo, kwa hiyo kinga ni usafi. Osha mikono kwa sabuni. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha lifunikwe. Dawa ya meno, masizi na unga wa kapsuli havina kazi pale. Mtoto mwenye tetekuwanga akatwe kucha. Dozi ya koo imalizwe, si kununua vidonge vinne dukani na kuacha homa ikishuka. Mama aliyejifungua akipata homa na maumivu ya tumbo, arudishwe hospitali mara moja.

Ni nadra sana mshtuko huu kumpata mwingine nyumbani kwa mgonjwa, ila bakteria wenyewe huambukizwa. Muulizeni daktari kama wanaomuuguza wanahitaji dawa ya kuwakinga.