Kudarizi ni nini, na kuna tofauti gani na kufuma?

Mara nyingi utasikia kitambaa cha kochi kilichofumwa kikiitwa "cha kudarizi". Hizo ni kazi mbili mbalimbali.

Anayedarizi, au kutarizi kama wasemavyo wengine (asili yake ni Kiarabu), huanza na nguo iliyokwisha kuwa nguo: shuka, foronya, kanzu. Kwa sindano na uzi huipamba. Ukifumua nyuzi zake zote, shuka hubaki shuka. Anayefuma krosheti hana kitambaa. Ana uzi na sindano ya ndoana, anavuta kitanzi ndani ya kitanzi mpaka kitambaa kizaliwe. Huyo ukimfumulia, kinabaki kibonge cha uzi.

Kwa darizi, mfano ninaoupenda kuliko yote ni kofia ya viua ya pwani yetu. Ina vipande viwili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa, navyo ni vya kitambaa cheupe cha tabaka mbili. Mchoro hutangulia. Kisha vitundu vidogo hutobolewa, na kila kimoja huzungushiwa uzi, mshono ukibanana na mshono, hadi ukingo ukaze kama pete. Vitundu ni mamia, tena lazima vilingane. Pambo hapa ni ule uwazi wenyewe: uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, maua yakionekana kwa kivuli tu. Na upepo unapita kichwani, neema kubwa kwa joto la Lamu na Unguja. Oman wanayo ndugu yake, wanaiita kumma, nayo hudariziwa kwa vitundu vivyo hivyo.

Joho la bwana harusi nalo ni darizi, ila ya nyuzi za rangi ya dhahabu.

Kofia moja ya mkono huweza kumaliza miezi mikononi mwa mshonaji, kwani huishika kati ya shughuli nyingine za nyumba. Ndiyo maana naumia nikiona mnunuzi akiipunguza bei mpaka ilingane na ya mashine. Kabla ya kubishana, igeuze ndani nje. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa chini, kwa hiyo mara nyingi upande wa ndani hukuonyesha uzi mwingine kabisa. Kwenye kofia ya mkono, ule uzi uliozunguka kitundu kwa nje ndio huohuo utakaoukuta ndani.